Subirini, Gari Linakuja

Mtandao ulipatikana dirishani tu, kwenye kona ya chumba cha chanjo, kwa hiyo Hildegarda aliiweka simu pale siku zote, juu ya kopo la pamba, na miguu yake ilikuwa imeshazoea kukimbilia kona ile kila ilipolia. Alikuwa muuguzi mkunga, peke yake katika zahanati ile ya mlimani juu ya Ruhembe, na kustaafu kulikuwa karibu. Zamani aliyemhitaji alimfuata kwa miguu. Tangu mradi wa afya ya uzazi ugawe simu, walimpata akila, akioga, au akiwa amemshika mtoto wa mtu kwenye mizani.

Simu zililetwa na Oswald, kijana wa mradi, mwaka ule minara ilipofika Mikumi na kuta za maduka zikapakwa rangi za kampuni za simu hadi mtu akashindwa kulitambua duka alilolizoea. Moja alimpa Hildegarda. Nyingine alimpa Mzee Danieli, mwenyekiti wa kitongoji cha juu kabisa. Dereva wa gari la wagonjwa la mradi, Nassir, aliyekaa Mikumi, alikuwa na ya kwake.

"Sasa sista, umbali umekwisha," Oswald alisema mbele ya watu. "Mama akishikwa na uchungu, mzee anakupigia wewe, wewe unampigia Nassir, Nassir anawasha gari."

Watu walipiga makofi. Hildegarda naye alipiga, maana alikuwa amechoka kuwateremsha wajawazito kwa machela kwenye tope. Na miezi ya mwanzo ilikuwa hivyo kweli. Gari lilipanda hadi shuleni, barabara inapoishia, likabeba mtu, likashuka.

Kisha ikaja asubuhi moja ya masika, Mzee Danieli akapiga.

"Sista, mke wa Gerald ameshikwa."

Hildegarda alifumba macho. Mke wa Gerald ndiye Happyness, ambaye mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji. Mara ngapi alimwambia kwamba mimba hii ikikomaa asikae kijijini, aende kwa ndugu walio karibu na hospitali! Happyness aliitikia kila mara, kisha palizi ikamshika.

"Shikamoo mzee. Uchungu umeanza lini?"

"Marahaba. Tangu alfajiri."

"Nampigia dereva sasa hivi. Subirini, gari linakuja."

Nassir alipokea upesi. "Shikamoo dada. Gari liko Morogoro, nimeleta watu kwenye semina. Wakishakula chakula cha mchana tunaondoka."

"Nassir, huyu ana kovu la upasuaji. Hawezi kungoja semina."

"Ufunguo anao bosi, dada. Nimemwambia, anasema tunakaribia kumaliza. Mimi nifanyeje?"

Hildegarda akampigia Mzee Danieli, akasema gari litachelewa kidogo. Nje kulikuwa na foleni ya watoto wenye homa. Akaendelea kupima na kugawa dawa, sikio likiwa dirishani. Mchana Nassir alisema wameondoka. Baadaye alisema wamefika Mikumi lakini gari halina mafuta, anasubiri kibali kisainiwe. Kila mara Hildegarda aliwapelekea watu wa juu habari ile, na kila mara alimalizia kwa kusema subirini, na neno lenyewe likazidi kumwia zito mdomoni.

Mgonjwa wa mwisho alipoondoka, alisimama barazani akatazama njia itokayo kitongojini. Ilikuwa tupu. Hapo ndipo moyo ulipomshtuka. Zamani, saa kama hii, wangekuwa wameshapita. Zamani hapakuwa na cha kusubiri: mwanamke akilalamika tu, wanaume waliingia porini kukata miti, blanketi likafungwa, safari ikaanza. Leo wanaume hao hao walikuwa wamekaa uani kwa Gerald wakiitazama simu ya mzee.

Alirudi dirishani mbio. "Mzee, mpe simu mama yake Gerald."

Bibi Costancia alikuja kwenye simu. "Ametulia sasa, mwanangu. Hata kulia halii."

"Uchungu umepungua polepole?"

"Umekata ghafla. Anasema ana kiu."

Hildegarda aliliwaza lile kovu. "Mbebeni. Sasa hivi."

"Si ulisema gari..."

"Nilisema, mama. Achaneni na gari, mbebeni!"

"Machela ya zamani tumeanikia maharage."

"Yamwageni!"

Alifunga zahanati, akabeba simu, mkoba wa kazi na chupa za dripu, akaanza kupanda. Magoti yalimuuma, mvua ilikuwa imelainisha udongo, akaanguka, akainuka. Alikutana nao penye mteremko mkali, Gerald akiwa mbele, jasho na machozi havitofautiani usoni. Happyness alikuwa amepauka midomo. Hildegarda aliweka dripu pale pale njiani, Gerald akainyanyua chupa juu, wakashuka. Mahali mtandao uliposhika alipiga hospitali, akaomba chumba cha upasuaji kiandaliwe na damu itafutwe. Barabarani walisimamisha pikapu ya mnunuzi wa ndizi. Yule bwana aliangalia machela, hakuuliza kitu, akaanza kuteremsha mikungu yake majanini.

Happyness alipona. Mtoto, wa kike, hakupona. Kizazi kilikuwa kimepasuka, nacho madaktari walikitoa.

Hildegarda alikuwa kwenye benchi la korido ya hospitali, nguo zimeganda matope, Nassir alipoingia.

"Nilikuja, dada. Nilipanda mpaka shuleni nikakuta mmeondoka."

Alikuwa ameandaa maneno makali ya kumwambia. Akamtazama usoni. Kijana mwenyewe macho yalikuwa mekundu kwa uchovu wa barabara.

"Umekula?" akamuuliza.

"Bado."

"Kaa basi."

Akakaa.

Wiki chache baadaye Oswald alikuja na kompyuta yake ya kupakata, akamwonyesha Hildegarda mchoro wa rangi. "Zahanati yako inaongoza kwa simu nyingi, sista. Mawasiliano yenu ni mazuri sana."

"Ni nyingi kwa sababu gari halikuwepo."

Oswald aliifunga kompyuta. Hakuwa mtu mbaya. "Unataka tuzichukue simu?"

"Hapana. Bila simu hospitali isingejiandaa, na Happyness tungekuwa tumemzika. Ninachotaka ni kuambiwa gari likisafiri, kabla mtu hajashikwa na uchungu. Na watu waambiwe ukweli: apigaye simu apige akiwa njiani."

Oswald aliandika yote, akaahidi kuyapeleka juu. Hildegarda alikuwa ameona mengi yakipelekwa juu. Hakungoja. Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, alianza mwenyewe kupita kitongoji kwa kitongoji akiwaambia watu wasikae kuitazama simu.

Kwa Gerald alifika mwisho. Happyness alikuwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, amejifunga kanga tumboni.

"Nilikuwa nasikia simu ya mzee ikilia," alisema baada ya salamu. "Kila ikilia nasema, hilo sasa ni gari."

"Mimi ndiye niliyewaambia msubiri."

"Najua." Alichuma uzi uliochomoza kwenye mkeka. "Siku nyingine nakulaumu, sista. Siku nyingine nakushukuru. Leo nimechoka tu."

"Hata mimi, mwanangu."

Happyness alimtazama vizuri, miguu iliyovimba na macho yaliyozama, kisha akajivuta kando kumpa nafasi. Hildegarda alivua viatu, akajinyoosha kwenye mkeka. Alikusudia kupumzika kidogo tu. Bibi Costancia alipokuja kumwamsha ale, alimkuta amelala fofofo, akakifunika chakula na kuwaambia watoto wakachezee mbali.