Unix Mpya Mbele ya Mama Mkwe

Mimi ni dereva, na dereva hana kazi lori likisimama. Asubuhi hiyo ya mwaka 1988 lori langu lilikuwa limesimama nje ya ghala la dawa la misheni, hapa Kisumu. Zahanati kuanzia Kombewa mpaka Port Victoria zilikuwa zinangoja vidonge, na mimi nilikuwa nangoja kompyuta, kwa sababu bila yake kusema nani apewe nini hakuna katoni iliyotoka. Nikaketi na hasira zangu kwenye benchi la koridoni, mkabala na mlango wa chumba cha kompyuta, na ndivyo nilivyoyaona yote.

Kwa karatasi kompyuta ilikuwa ya misheni. Kwa ukweli ilikuwa ya Mama Dorca Anyango. Yeye ndiye aliyeipokea ikiwa kwenye boksi, akaishonea kitambaa cha kuifunika, na hata mkurugenzi alivua viatu kabla ya kuingia chumbani mwake. Iliendeshwa na mfumo unaoitwa Unix, na watu wa Nairobi waliotuuzia walikuwa wameamua sasa tuwekewe Unix mpya. Wakamtuma fundi. Fundi aliposhuka na mkoba wake wa kanda zilizobeba Unix hiyo, tukaona ni Wepukhulu, yule kijana wa Bungoma anayetaka kumuoa Benta, binti wa Mama Dorca.

Hapo taabu ikaanza. Wazee wake walikuwa waje kuposa Jumamosi hiyo hiyo. Na kwao Wabukusu, kama kwetu Wajaluo, kijana hakai chumba kimoja na mama mkwe, hamtazami usoni, wala hamsemeshi. Mama Dorca alikuwa bado hajamkubali, lakini heshima haingojei kukubaliwa. Chumba chenyewe kilikuwa na upana wa choo, nisamehewe. Mama akatangaza kwamba mashine yake haitaguswa yeye akiwa nje. Akaongeza, kwa sauti ya kufika koridoni, kwamba mtu akiiharibu asiwasumbue wazee wake na safari ya Jumamosi. Wepukhulu akautua mkoba wake sakafuni. Nilimhurumia, maana alimpenda yule msichana waziwazi.

Ikaamuliwa fundi akae mwisho wa korido, mbali na mlango, mama akae kwenye kibodi, na Mzee Shitanda wa masijala asimame mlangoni apeleke maneno. Tuliona ni busara. Shitanda alikuwa mshenga wa kutegemewa, ndoa alizounganisha zimejaa kuanzia Kisian kwenda mbele, na ndiye aliyepangwa kuwasemea akina Wepukhulu Jumamosi. Ujuzi wake ulikuwa mmoja tu: neno kali likiingia sikioni mwake, lilitoka mdomoni limetiwa sukari.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Mama akaingiza kanda, mfumo wa zamani ukafutwa, mpya ukaingia, mashine ikinguruma kama kinu cha posho. Wepukhulu akasema izimwe iwashwe tena. Ilipowashwa, kioo kikaandika kwa Kiingereza kwamba mashine imeingiwa na hofu, haioni diski yenye mfumo wake. Kisha ikanyamaza.

"Mzee," Mama Dorca akasema, "mwambie huyo kijana ameua mashine yangu."

Shitanda akageukia koridoni, akakohoa. "Bwana Wepukhulu, mama anakusalimu. Anasema mashine imechoka kidogo."

Wepukhulu akafurahi, akasema basi ipumzike. Tukapumzika nayo. Chai ikaja, chai ikaisha. Mama akataka kujua kama fundi amelala, na Shitanda akafikisha kwamba mama anauliza kama fundi amepata chai. Fundi akatuma shukrani nyingi. Nilitaka kupasuka, nusu kwa kicheko, nusu kwa hasira.

Baada ya chai fundi akaagiza iwashwe tena, kanda ikiwa ndani. Safari hii mashine ikauliza swali. Diski ya kwanza haina mfumo, ilisema. Ifutwe, ianzwe upya? Mama akalisoma neno kwa neno. Shitanda akalipeleka hivi: mashine inaomba ruhusa ya kuendelea. Fundi akajibu kwamba mama akubali, hilo na yote yatakayofuata.

Kidole cha Mama Dorca kikashuka, kikasimama hewani. Diski zilikuwa mbili, moja ya mfumo na moja ya hesabu za dawa, na ya dawa ilibeba kazi yake yote tangu mashine ifike. Unix mpya ilikuwa imeshaingia kwenye ile ya mfumo, kwa hiyo diski isiyo na mfumo haikuwa nyingine ila ya dawa. Kanda ya akiba ilikuwepo, lakini kanda ya akiba ni kama gurudumu la akiba: utajua kama ina upepo siku ya pancha. Akatazama mlango, akatazama kioo. Kumsemesha kijana ilikuwa aibu. Kunyamaza ilikuwa hasara. Basi akaiwekea mashine mkono juu, akapaza sauti.

"Wewe mashine, kwa nini unataka kufuta diski ya dawa?"

Wepukhulu akaruka kutoka alipokuwa. Nyumbani kwetu mama mkwe akiwa na neno la lazima hulisema kwa kuku au kwa mlango, na mkwe akisikia amesikia. Kijana akakipa chumba mgongo, akaikabili ndoo ya mchanga wa kuzimia moto.

"Wewe ndoo," akasema, naye akipaza sauti, "jibu hapana. Unix mpya inahesabu diski kinyume, ya kwanza sasa ni ile ya dawa. Lakini si ilikuwa imechoka tu?"

"Mashine, si uliandika una hofu, huoni diski?"

"Ndoo, hakuna mtu aliniambia hofu."

Sote tukamwangalia Mzee Shitanda. Yeye akaangalia dari.

Kutoka hapo kazi ikaenda mbio. Fundi aliisomea ndoo herufi moja moja, mama akazipiga huku akiisemesha mashine, mpaka Unix mpya ikaonyeshwa ilipo diski yake. Mama akaomba dawa za Port Victoria, zikatokea zote. Mashine ya kuchapa ikaanza kukwaruza, na mimi nikainuka kuchukua karatasi zangu. Lakini Wepukhulu hakugeuka.

"Ndoo," akasema, "nilisema ndiyo kwa swali ambalo sijaliona kwa macho yangu. Hilo kosa ni langu, si la Mzee. Nikiambiwa Jumamosi nisilete wazee, sitabisha."

Nilisahau lori, nilisahau Kombewa. Mama Dorca alikuwa anakunja kile kitambaa chake cha kufunikia, polepole, pembe kwa pembe.

"Mashine," akasema mwishowe, "mkwe wangu alete wazee wake Jumamosi, na waje mapema. Ila watafute mshenga mwingine."

Wepukhulu akaegemeza paji la uso ukutani, akalia, na hakuna aliyemcheka.