Gurudumu Lililokataa Kutikisika

Nina diploma ya pedagojia, na sijawahi kushindwa na sentensi. Kilichonishinda ni koni, kipande cha chuma kinachobana gololi za gurudumu, kidogo kuliko kidole gumba, na kilinishinda mbele ya soko la Kasongo.

Kila Jumamosi, nyuma ya kanisa letu, tunatengeneza kinga, yaani baiskeli, za watu bure. Tunafungua kitovu cha gurudumu, tunatoa gololi, tunazisafisha, tunapaka grisi mpya, tunafunga. Mkuu wetu ni Papa Kassimu, mtu wa maneno machache. Kwa miezi mitano kazi yangu ilikuwa kukaa mlangoni na kuandika majina ya wenye kinga. Niliyaandika kwa mwandiko mzuri mno. Lakini nilitaka funguo za kukazia nati. Kila fundi pale ana funguo zake, zimefungwa pamoja kwa kipande cha mpira wa ndani, na hakuna anayezigusa bila ruhusa. Nilizitaka kama wenzangu wanavyotaka ndoa.

Jumamosi moja Papa Kassimu akanipa gurudumu la nyuma la Mama Aicha, anayesukuma mawese na mchele mpaka Wamaza.

"Ukiifunga muzuri, utapata funguo," akasema. "Sheria unaijua."

Sheria yetu ni moja: aliyefunga gurudumu ndiye anayelijaribu, kinga ikiwa na mzigo wake wote, mpaka sokoni na kurudi.

Karibu yangu Roger, fundi mwenye miaka kumi na mitano kazini, alikuwa anamaliza gurudumu la mtu mwingine. Alilisukuma kwa vidole kulia na kushoto. Likacheza kidogo. Akaridhika.

"Yaya Roger," nikasema, kwa heshima ya kumwita kaka mkubwa na kwa sauti niliyofunzwa kufundishia watoto sitini, "hilo gurudumu linatikisika kama jino la babu kwenye muhindi mkavu."

Watu wakacheka. Mama Aicha alicheka mpaka akashika kiuno.

"Acha icheze kidogo, Diplome," Roger akajibu. Ndilo jina walilonipa. "Ukikaza nati ya kufungia, inasukuma koni ndani. Ile nafasi inaisha yenyewe."

"Huo ni uvivu umevaa koti la ufundi."

"Haya, mwalimu. Kaza."

Nikakaza. Nilikaza koni, nikakaza nati, nikarudia koni. Nikalitikisa gurudumu mbele ya watu, likatulia kama kaburi. Sikulizungusha. Ningelizungusha, ningesikia gololi zikilia ndani, lakini masikio yangu yalikuwa yanasubiri sifa.

Papa Kassimu aliangalia, akasema neno moja: "Pakia."

Bidoni mbili za mawese na gunia la mchele. Mpaka njia panda nilijidanganya kwamba uzito ni wa mzigo. Kwenye mpando wa soko koni ikajikaza yenyewe zaidi, na gurudumu likagoma kabisa, mbele ya wamama wanaouza samaki wa kukauka.

"Dada," mmoja akauliza, "ni kinga imechoka ama ni weye?"

"Inapumua," nikasema.

"Basi muletee maji."

Nilibeba bidoni moja kurudi, nikafuata ya pili, nikarudi kubeba kinga begani, mnyororo ukinichorea blauzi ya kanisani. Roger alikuja akachukua gunia la mchele, akalibeba mpaka mwisho bila kusema neno. Sijawahi kutendewa ukatili kama huo.

Tulipofungua kitovu, gololi zilikuwa zimeichimba koni. Mama Aicha alikuwa asafiri kesho yake asubuhi. Nikamwomba radhi, nikainama kabisa, kwa sababu kinga ile ndiyo miguu yake. Papa Kassimu akanitafutia koni nyingine kwenye kopo. Safari hii niliacha nafasi kidogo, nikakaza nati, nafasi ikaisha yenyewe, kama Roger alivyosema. Nikapakia tena. Nikapanda mpaka sokoni na kurudi, na wale wamama wakanipigia makofi, jambo lililoniumiza kuliko kicheko.

Papa Kassimu alinisubiri na funguo mkononi. Mpira ulikuwa mpya, mwekundu.

"Mama Aicha umemuomba radhi. Sasa Roger. Mbele ya watu."

"Yaya Roger," nikasema, "juu ya nati uko na haki. Na kwa gunia, aksanti."

"Na jino?" akauliza Papa Kassimu.

Roger alikuwa anaangalia chini, na nadhani alikuwa anajizuia kucheka. Niliziangalia funguo. Niliangalia na ule mpira mwekundu.

"Jino linabaki, Papa."

Akazirudisha funguo kwenye kopo. Nikarudi mlangoni, na mpaka leo naandika majina. Roger akipita ananionyesha meno yake yote, moja moja, yakiwa imara.

Mikono yangu ilikosea, na nimekubali mbele ya Kasongo nzima. Ile sentensi haikukosea popote. Siombi radhi.