Kizingiti cha Makote

Asubuhi ya kupokea korosho, Mama Shamte alifika ghala la Makote na gunia kichwani, akaanza kuingia, asiingie. Miguu ilikwenda, kizingiti kikabaki palepale, hatua moja mbele yake. Eliakimu, aliyemfuata, naye vivyo hivyo. Karani akawapa maji ya kunywa, akaendelea kupima za wengine.

Faidha, aliyetengeneza programu ya simu ya kusajili korosho, akaitwa kutoka Masasi. Alijua kosa ni lake. Toleo la juu la Android huamriwa na duka la programu; la chini kabisa, ambalo simu iliyo chini yake hukataliwa na mwenye simu haingii ghalani, aliachiwa achague. Alipokuja kabla ya msimu kukagua simu za wakulima, wao kwa heshima ya mgeni wakaazima simu, huyu kwa mkwewe, yule kwa mwalimu, kama wanavyoazima viti vya msiba. Faidha akaona simu mpya tupu, akaandika toleo la kumi na moja. Simu ya Mama Shamte ilikuwa ya toleo la tano, aliyoiacha marehemu Shamte mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Mbona hii hukunionyesha?"

"Marahaba. Mgeni haonyeshwi sufuria iliyotoboka, mwanangu."

Loh, heshima nayo! Mnada ulikuwa kesho, korosho isiyoingia leo haiuzwi, na wingu lilikuwa limeshatanda. Faidha akaketi chini na kompyuta yake, akatoa kwenye programu ramani na video zisizowezwa na simu za zamani, akashusha toleo hadi tano. Kizingiti kikaja chini ya mguu wa Mama Shamte, akaingia.

Nurdin, bosi wa Faidha, akapiga simu kutoka Masasi. Aliitaka ramani yake. "Wanunue simu," alisema, akarudisha kumi na moja. Mama Shamte akatoka kinyumenyume, gunia kichwani. Faidha akashusha, Nurdin akapandisha, hadi Nurdin akabadilisha nywila.

Faidha akakasirika, akajitwika gunia lile aingie nalo kwa simu yake mpya. Gunia lilimjua mwenyewe, likakataa. Naye akawa anatembea palepale, kando ya Mama Shamte na Eliakimu.

Jioni karani alifunga mlango kwa kufuli, akawaaga kwa adabu. Mvua ikaanza. Faidha hakutua gunia.

"Nyanyua miguu taratibu, mwanangu," Mama Shamte alimwambia. "Ukiharakisha utachoka kabla hatujafika."