Mahari Yenye Magurudumu

Mzee Nyagudi wa Asembo alikuwa na sifa moja aliyoithamini kuliko ahadi ya kwenda mbinguni: hajawahi kuuziwa ng'ombe mbovu. Padri alipomhubiria juu ya mizani ya siku ya mwisho, mzee aliuliza tu ni nani atakayeishika hiyo mizani. Mnadani watu walimpisha. Alimzunguka mtamba, akambonyeza nyonga, akamfunua mdomo, akamnusa masikio, kisha akageuka kumkazia macho mwenye kuuza kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama mnyama. Nusu ya mambo yale yalikuwa maonyesho matupu. Hata mkewe Dorca hakuwahi kujua kunusa masikio kulimsaidia nini.

Kwa hiyo Zadock alipokuja kumposa binti yake Rosa bila ng'ombe hata mmoja, mzee alidhani ni mzaha. Zadock alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na kiinua mgongo chake, akapata ukarani wa mizigo kwenye reli pale Kisumu, na hapo mjini akaambukizwa ugonjwa uliowapata askari wengi mwaka ule wa 1946. Kila askari aliyerudi na koti la jeshi alianzisha kampuni, na ambaye hakuanzisha alinunua hisa katika kampuni ya mwenzake. Watu waliziita sheya. Ukipita Kondele jioni ungedhani ni mtaa wa wakurugenzi watupu, maana hakuna aliyekubali kuitwa chini ya hapo.

Zadock alijieleza kwa adabu. Ng'ombe hukonda kiangazi, huugua, huibwa. Sheya haihitaji majani wala mchungaji. Kila mwisho wa mwaka kampuni inagawa faida, yaani inazaa, na wewe umekaa kwako. Alikuwa tayari kulipa mahari yote kwa sheya, za kampuni yoyote atakayoipenda Baba.

"Inazaa kila mwaka?" mzee aliuliza.

"Kila mwaka, Baba. Mwaka mbaya inaweza kupumzika."

"Hata ng'ombe hupumzika," mzee alisema, na wote waliokuwa pale wakajua ameshanasa.

Lakini jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mwanawe Tom alikuwa amempenda msichana wa Samia aitwaye Nabwire, na kwa desturi mahari ya dada ndiyo humwoza kaka. Chochote mzee atakachopokea kwa Rosa ndicho kitakachomleta Nabwire nyumbani. Akikosea, amewaharibia watoto wawili kwa mpigo mmoja. Dorca alimwambia wazi adai ng'ombe, mambo yaishe. Mzee akamjibu kwamba wanawake hawaelewi biashara. Dorca, ambaye alikuwa akiuza samaki pale Asembo Bay tangu kabla hajaolewa, na ambaye ndiye aliyelipa kodi ya nyumba ya mwanamume huyo kila serikali ilipoidai, aliendelea kukoroga mboga yake.

Basi mzee akaenda Kisumu kuchagua, Zadock akimtembeza.

Kwanza walikwenda kwenye hoteli moja Kondele. Mwenyekiti wake aliwapa chai, akawapa mandazi, akaisifu hoteli yake mpaka jasho likamtoka. Mzee alikula mandazi yote, akashukuru, akatoka nje. Alimwambia Zadock kwamba mtu anayemsifia ng'ombe wake namna hiyo anataka kumtoa kabla hajafia mikononi mwake. Na hapo, haki yake apewe, aliona vizuri. Mwenyekiti yule alitoroka baada ya miezi michache na sufuria zote za hoteli.

Kutoka hapo wakateremka hadi karibu na gati, kwenye kampuni ya barafu. Wenye hisa walikuwa wachuuzi wa samaki, wanawake kwa wanaume, waliokuwa wakipanga samaki aina ya ngege kwenye masanduku ya barafu na kuwapakia kwenye treni ya Nairobi. Jengo lilikuwa banda la mabati yaliyoota kutu, na lilinuka vibaya. Fundi wa mtambo, Gurbachan Singh, aliwapokea akiwa na grisi mpaka viwikoni. Hakusifu chochote. Alisema mtambo ni mzee, unaharibika mara kwa mara, naye anautengeneza mara kwa mara. Kisha akamega kipande cha barafu akampa mzee.

Mzee hakuwahi kushika barafu maishani. Ilimuuma kama moto, ikateleza, ikaanza kumchuruzika kuelekea kwenye kiwiko. Alisimama akiitazama mpaka ikaisha, akabaki na kiganja kitupu kilicholowa.

"Mali gani hii inayokufa ukiishika?"

"Hiyo imekufa, Mzee," Gurbachan alisema. "Lakini samaki yake iko Nairobi."

Mzee alikuwa ameshafika mlangoni, akijifuta mkono kwenye kanzu.

Na hapo ndipo alipoliona basi. Lilikuwa limeegeshwa sokoni, jekundu, na maandishi ya njano ubavuni. Sajini Ojwando, mwenyekiti wa kampuni ya basi, alikuwa amesimama mbele yake ndani ya koti zito la jeshi, kwenye jua la Kisumu, bila aibu. Mzee alilizunguka basi lile. Alibonyeza madigadi. Alifunguliwa boneti akachungulia ndani kama anayetazama meno. Dereva alipopiga honi, mbuzi wa soko zima walitawanyika, na mzee akacheka kama mtoto. Sifa zote zile za mnadani, hekima yote ile ya kumkazia macho muuzaji, zilimtoka palepale. Sajini angeweza kumuuzia hata lile koti.

"Nitapanda bure?" mzee aliuliza.

Sajini alikuwa ameulizwa swali hilo na kila mtu, na kila aliyejibiwa vizuri alinunua. "Mwenye nyumba hutozwa pesa mlangoni kwake?" alisema.

Zadock alikohoa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba yeye, kama angeulizwa, angeitazama tena ile barafu.

"Nani ameingia zizini kuchagua, ni mimi au ni wewe?"

"Ni wewe, Baba."

Zadock akanyamaza, kwa kuwa hivyo ndivyo mtu anavyokaa na mkwe wake. Hisa zikanunuliwa, Rosa akaolewa kanisani, na Tom akapeleka habari Samia kwamba mahari iko njiani, inakuja na magurudumu.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya raha. Basi lilipofika Asembo, mzee alipanda na kuku wake, akakaa mbele, akaenda Kisumu bila shughuli yoyote, akarudi. Aliwaambia waliokaa karibu naye kwamba gurudumu la nyuma upande wa kushoto ni lake. Tatizo ni kwamba waliokaa karibu naye nao walikuwa na magurudumu yao. Kila mwenye hisa alipanda bure, na mke wake alipanda bure kwa kuwa ni mke wa mwenye hisa, na mbuzi alipanda bure kwa kuwa ni mbuzi wa mke. Kondakta alipita katikati ya watu na mfuko wake wa ngozi, hana wa kumdai. Wale ambao wangelipa nauli walisimama kando ya barabara wameshika senti zao, basi likawapita na vumbi likawabakia. Sijui kama kumewahi kuwa na basi lililoshiba watu namna ile huku likifa njaa.

Mkutano wa mwaka ulipofika, faida hakuna. Sajini Ojwando alieleza kwamba kampuni imepumzika. Wenye hisa walijadiliana kutwa nzima wakaamua kwamba dereva ni mwizi, wakamfukuza. Fundi cherehani mmoja wa Nyalenda alisimama akapendekeza wenye hisa nao walipe nauli. Walimzomea. Aliyezomea kwa sauti kubwa kuliko wote, akamuuliza kama ametumwa na maadui wa maendeleo, alikuwa Mzee Nyagudi.

Basi lilifia kwenye mlima karibu na Kisian, likiwa limejaa. Abiria walishuka wakaanza kubishana ni nani wa kusukuma, kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja aliyenunua sheya ili asukume. Mwishowe walitembea kwa miguu, kila mmoja na kuku wake. Waliokuwa wakidai pesa za petroli na matairi walilichukua basi lile likauzwa vyuma vyake, na kilichobaki kwa wenye hisa kilikuwa karatasi yenye picha yake.

Habari zilifika Samia haraka kuliko basi lilivyowahi kufika popote. Baba yake Nabwire alituma ujumbe mfupi. Angengoja mpaka mavuno aone japo ng'ombe mmoja mwenye kwato, na mavuno yakipita, yuko mwanamume mwingine mwenye zizi lililojaa. Tom hakumlaumu baba yake. Aliacha tu kusema naye. Alikula kwa mama yake, akalala kwake, na akikutana na baba njiani alimpisha kama anavyopishwa mgeni. Mzee aliumia sana, akaamua kukasirika.

Alitangaza kwamba desturi iko wazi. Ng'ombe wa mahari akifa kabla hajazaa, mkwe analeta mwingine. Mpaka Zadock alete, Rosa arudi nyumbani. Rosa akaja, na mtoto wao Atieno mgongoni, akakaa mlangoni kwa mama yake. Usiku alilia, na mzee alimsikia, maana ukuta ule ulikuwa wa udongo tu.

Zadock alikuja siku ya tatu pamoja na ami yake, Mzee Abonyo, mtu mwembamba aliyependa kesi kuliko chakula. Abonyo alisikiliza madai yote, akauliza jambo moja tu. Je, Nyagudi alipelekewa basi, au aliingia zizini mwenyewe akalichagua kwa mkono wake? Maana ng'ombe uliyemchagua mwenyewe akifa, amekufia wewe, na sheria hiyo Nyagudi mwenyewe ndiye aliyewahi kuwakumbusha watu wa ukoo wa Abonyo, wakati wa nzige.

Mzee alisema mnyama alikuwa mgonjwa tangu anatolewa.

"Alikuwa mzima," Abonyo alisema. "Mlimpanda kila siku, wote, na hakuna aliyemlisha."

Dorca alitazama chini ili asionekane akicheka, lakini mabega yalimsaliti.

Ndipo Zadock aliposema hakuja kushindana. Baada ya harusi, kwa mshahara wake wa reli, alikuwa amenunua hisa za ile kampuni ya barafu kidogo kidogo. Zilikuwa zimeshatoa faida mara mbili. Alizitoa karatasi zenyewe akaziweka mkekani. Baba azichukue zote, naye arudi na mke wake.

Mkono wa mzee ulikwishanyooka.

"Zisiguswe," Rosa alisema kutoka mlangoni.

Watu wakageuka. Tangu arudi alikuwa hajaulizwa chochote ila kama ugali umeiva. Alisimama akamhamisha mtoto kwenye nyonga nyingine.

"Baba, ulichagua kwa honi. Na wewe, Baba Atieno, uliona barafu ni bora ukanyamaza kwa heshima, na heshima yako ndiyo iliyonileta hapa. Sasa mnataka kunipitisha tena kati yenu. Hizi ziandikwe jina langu. Nitarudi Kisumu nikiwa nazo, au sirudi, nitauza samaki na Mama."

Abonyo alisema jambo hilo halijawahi kusikika. Rosa akamjibu kwamba mahari yenye magurudumu nayo ilikuwa haijasikika, na wanaume walikubali siku hiyohiyo. Zadock aliokota karatasi zile. Hakumtazama mkwe wake wala ami yake. Alisema wataandikisha Jumatatu, akampa Rosa azishike yeye.

"Na Tom?" mzee aliuliza, na safari hii hakuwa na hasira tena, alikuwa ameogopa tu.

Rosa alisema faida ya mwaka huu inatosha mtamba mmoja mzuri, naye angempa kaka yake. Yeye na mama yake wangekwenda mnadani. Mzee akauliza angeondoka nao saa ngapi. Rosa alimwambia, kwa upole uliomuuma kuliko matusi, kwamba yeye abaki.

Akabaki. Siku ya mnada alikaa nje akikata kucha ambazo alikuwa amezikata jana yake. Alasiri wanawake walirudi na mtamba mwekundu, mwenye mgongo ulionyooka na macho matulivu. Mzee alimwona tangu mbali. Hakumzunguka, hakumbonyeza popote. Alimtazama kwa muda, kisha akamwambia Tom, aliyekuwa amesimama kando, "Mimi nilichagua vibaya, mwanangu."

Tom alichukua kamba kutoka kwa dada yake akamkabidhi baba.

Alfajiri waliondoka wawili kwa miguu kwenda Samia. Njiani watu walikuwa wakisimama kumsifu mtamba yule na kumuuliza mzee kama ni yeye aliyemchagua, kwa kuwa walimjua. Alisema ni binti yake. Mara ya kwanza alilitamka kwa shida, akiangalia pembeni. Walipokaribia Samia alikuwa akilisema kabla hajaulizwa.