Chumba cha Heshima Melini

Baba yangu, Mwalimu Mohdhar, alirudi kutoka kwa wakala wa meli akitembea kama bwana harusi. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa, mchoro wa meli ya mahujaji itakayotuchukua kutoka Mombasa mpaka Jidda. Ulikuwa mwaka wa hamsini na tano, na katika ukoo wetu mzima hapakuwa na mtu aliyepata kupanda meli ya moshi. Sisi ni watu wa mashua: ukitaka kwenda Pate unashuka bandari ya Mtangawanda, nguo zinalowa, yamekwisha.

"Swafiya, mwite mamako," aliniambia. "Nimemtafutia chumba ambacho hata binti sultani hakipati."

Mama, Bi Mwanamkisi, alikuja polepole. Alikuwa na pumu. Kifua kikimbana, ungemsikia akipumua ukiwa nyumba ya pili, filimbi tupu. Hija aliitamani tangu mimi sijazaliwa, na sasa ilipofika alikuwa na hofu moja tu, naye aliisema waziwazi.

"Nikiona pumzi zitanikatalia humo melini, nendeni nyinyi, mniombee. Mimi nitabaki."

Baba akaitandaza karatasi juu ya mkeka, akaweka kidole chini kabisa, katikati kabisa.

"Hiki hapa! Ukiingia melini washuka ngazi, washuka tena, wapita ukumbi, wapita ukumbi mwingine, ndipo ukifikie. Hakina dirisha hata moja. Hakuna baharia atakayewatia mato akawaona."

Nilimwelewa mara moja. Baba alikuwa amechagua chumba cha meli kama mtu achaguaye chumba katika nyumba ya kwetu Amu, kisiwani Lamu. Kwetu, chumba kikizidi kwenda ndani huzidi heshima. Daka la mlangoni ni la wageni wa kiume, kisha huja misana ya kukaa watu wa nyumba, na mwisho kabisa ni ndani, chumba cha bibi mwenye nyumba. Basi naye akaitafuta hiyo ndani katika meli, akaipata.

"Na hiki kikubwa kilicho ubavuni pake ni cha nani?" niliuliza.

"Cha injini."

"Alhamdulillahi. Tumepata jirani."

Baba akanikata jicho. "Usifanyie mzaha safari ya Mungu."

"Sifanyi mzaha, Baba. Nataka tujifunze tu, tusije tukaaibika mbele ya watu wa Mombasa. Ingia ndani nikufungie mlango, ukae kama uko melini."

Alikuwa mwalimu wa madrasa, na mwalimu hawezi kukataa somo mbele ya binti yake. Akaingia na tasbihi yake. Nikafunga mlango, nikaziba uwazi wa chini kwa kitambaa, kisha nikamwita jirani yetu Hadia aje na kinu na mchi.

"Twanga hapa mlangoni," nilimwambia. "Wewe ni injini."

"Nitwange nini?"

"Chochote. Injini haichagui."

Hadia alikuwa mwanamke wa mikono. Alitwanga mpaka vikombe vya ukutani vikalia. Mama aliketi kiwandani, ule ua wa katikati ya nyumba, ametia ncha ya leso mdomoni, mabega yanamcheza kwa kicheko. Kicheko kikamletea kikohozi, na kikohozi kikaileta ile filimbi. Hapo hata mimi sikucheka tena.

Baba alipotoka, kanzu ilikuwa imemganda mgongoni. "Mtu hutokwa na jasho popote," alisema. Lakini macho yake yalikuwa kwa Mama.

Hatujakaa sawasawa, wakala mwenyewe akapiga hodi. Bwana Gharib alitaka jibu la mwisho alipeleke Mombasa. Akaketi dakani na Baba, na sisi tukasimama nyuma ya mlango ulioegeshwa, kama ilivyo ada.

"Basi ni kile cha chini, Mwalimu?"

Baba akapangusa jasho kwanza. Mama hakuchelewa.

"Bwana Gharib," alisema kutoka nyuma ya mlango, "katika nyumba hii chumba changu ki ndani kabisa, na nalala vizuri. Waijua sababu?"

"Siijui, Bi."

"Mbele yake pana kiwanda, ki wazi mpaka mbinguni. Upepo washukia hapo. Mume wangu amenichagulia ndani, akasahau kiwanda. Melini kiwanda kiko wapi?"

Bwana Gharib akakohoa. "Meli haina kiwanda, Bi. Lakini kuna chumba cha juu, cha wanawake wawili. Kina dirisha la mviringo kama sinia, laelekea baharini."

"Na nje ya dirisha hilo hupita watu?" Baba aliuliza haraka.

"Nje ni maji, Mwalimu. Apitaye hapo, huyo keshaanguka. Ila mlango wake u karibu na ngazi. Hapo hupita watu."

"Mlango ni wa kutiwa pazia," Mama alisema. "Hilo dirisha lafunguka?"

"Lafunguka, Bi. Hufungwa bahari ikichafuka tu."

Nilichungulia nikamwona Baba akizungusha tasbihi bila kusoma kitu. Maisha yake yote heshima ilikuwa ni ukuta mnene, na sasa aliambiwa autoboe. Nikasikia pumzi za Mama ubavuni pangu, fupi fupi. Naye Baba alizisikia.

"Andika hicho cha juu," alisema kwa sauti ndogo.

"Na wewe, Mwalimu, utalala wapi?"

"Mpe kile cha chini," Mama alidakia. "Kina heshima."

Bwana Gharib alicheka mpaka kofia ikamtoka. Baba alijikaza asicheke, akashindwa.

Walipoondoka kwenda kuandikisha, Mama alinituma sandukuni nikamletee kitambaa chake cheupe kizuri, alichokuwa akikinyima kila harusi. Akakitandaza mapajani, akaanza kukata pazia la mlango wetu wa melini. Nikamuuliza la dirisha atalikata kwa kitambaa gani.

"La dirisha la nini?" alisema, mkasi hausimami. "Niwafunikie samaki?"