Tope Mlangoni kwa Valérie

Ciza alikuwa dukani ananunua mkate aliposikia kishindo. Mvua ilikuwa imenyesha kitongojini Isipingo tangu juzi bila kukata, na waliokuwa kwenye foleni walidhani ni radi. Yeye aliacha mkate kaunta akatoka mbio.

Chumba alichopanga na mkewe Valérie kilikuwa nyuma ya nyumba ya mpangishaji, chini ya kilima, na sasa kilima kilikuwa kimeshuka. Tope jekundu lilifunika mlango hadi kwenye kitasa, na mlango wenyewe ulifungukia nje. Dirisha lilikuwa moja, dogo, lenye nondo. Mkono wa Valérie ulikuwa umetokeza kati ya nondo hizo.

"Ciza! Maji iko inaingia!"

"Panda juu ya kitanda! Nakuja!"

"Niko juu ya kitanda!"

Ciza alipiga simu ya dharura. Iliita mpaka ikakatika. Dominiki, jirani yao Mtanzania, fundi ujenzi, alikuja na mabeleshi mawili. Ciza alimpokonya moja akalivamia lile tope.

Mwaka uliopita alikuwa ameumia mgongo akishusha magunia ya mchele sokoni Warwick, na tangu hapo habebi kitu kizito. Siku hiyo hakukumbuka. Alijaza beleshi pomoni, akazungusha kiuno, akatupa nyuma ya bega. Tope la maji halitupiki. Liling'ang'ania chuma, nusu yake ikarudi na beleshi. Akajaza tena, akatupa tena. Ghafla kitu kikamkata kiunoni kama waya wa umeme, akaanguka kifudifudi.

"Mbona kimya?" Valérie aliita. "Ciza?"

"Mgongo umemkamata, shemeji," Dominiki alijibu huku akichimba.

Valérie ndiye aliyemtafsiria kliniki siku ile nesi alipomwonyesha jinsi ya kuinua mzigo, na njiani kurudi Ciza alikuwa amecheka mambo yale.

"Ciza, sikia. Panua miguu. Kunja magoti, mgongo uache ulivyo. Chota kidogo. Beleshi ikae karibu na tumbo. Ukitaka kumwaga, geuza miguu, usigeuze kiuno."

"Kidogo kidogo utafia humo!"

"Ukianguka tena nitakufa haraka zaidi."

Akainuka kwa kushika ukuta. Akakunja magoti, akachota kiasi cha kumpakulia mtoto wali, akageuza miguu, akamwaga pembeni. Akarudi. Mikono yote ilitaka kujaza, kutupa, kuua lile tope. Akachota kidogo. Machozi yalimtoka kwa uchungu wa mgongo, na zaidi kwa uchungu wa kwenda polepole huku mkewe akizama. Kila walipoondoa, tope jingine liliteleza kutoka juu.

Sauti ya Valérie ilikuwa ikitoka dirishani: "Ndiyo. Hivyohivyo." Kisha haikutoka tena.

"Valérie!"

Ciza aliinua beleshi juu kama shoka. Dominiki akamdaka mkono.

"Kaka, ukilala hapa, mimi peke yangu siwezi."

Akakunja magoti. Akachota. Hakuita tena, maana aliogopa ule ukimya.

Walipofika chini ya kitasa, mlango ulitikisika wenyewe. Valérie alikuwa ameacha dirisha, maji yakimfika kidevuni, akisukuma kwa bega; pumzi ya kujibu hakuwa nayo. Dominiki alichomeka beleshi kwenye upenyo akakandamiza, Ciza akavuta. Maji yakabubujika nje, na Valérie akapita ubavu, ngozi ya bega ikibaki kwenye fremu.

Hawakupata nafasi ya kukumbatiana. Kilima kilinguruma tena. Ciza hakuweza kunyooka, hivyo wale wawili walimburuta kwa makwapa hadi barabarani. Chumba kilizama nyuma yao, na cherehani ya Valérie, na vibali vyao vya ukimbizi.

Mchana walikuwa katika ukumbi wa kanisa, Ciza amelazwa ubavu juu ya kadibodi. Mtu akatangaza kwamba paa linavuja, wote watahamishwa, basi linasubiri kwenye robot, zile taa za barabarani. Ciza alijaribu kuketi. Mgongo ulikataa, miguu haikumtii; kwenye kiti cha basi asingeweza kukaa.

Valérie, bado akitetemeka ndani ya blanketi la msaada, alizunguka ukumbi akiuliza kama iko gari inayoweza kubeba mtu aliyelala. Watu walimtazama, kisha wakaendelea kukusanya vitu vyao; gari halikupatikana, naye akarudi kuketi kando ya kadibodi ya Ciza.