Ushahidi wa Tabitha Horsfall

Tabitha Horsfall alikuwa ameshavuta nusu ya gora juu ya meza yake, vidole vya mkono wa kushoto vikipapasa upande wa chini wa kitambaa kutafuta mafundo, aliposikia jina lake likiitwa kutoka mlangoni. Sindano ikasimama. Katika chumba cha kurekebishia nguo hakuna mtu aliyeitwa kabla ya kengele ya chakula, labda awe amefiwa.

Gora lilikuwa la kaki. Magora yote yalikuwa ya kaki tangu mwaka juzi, na chumba kizima kilinuka mafuta ya kondoo na rangi mbichi. Wanawake kumi na wanane walikaa kufuata madirisha, kila mmoja na kibano chake, wakitoa mafundo na kuunga nyuzi zilizokatika, ili koti la askari lisije likafumuka mgongoni.

Nyapara Hoyle alikuwa ameshika karatasi. Alimwambia kwamba kesi ya mwanawe, anayeomba asichukuliwe jeshini, mbele ya baraza la kuandikisha askari haitasikilizwa Ijumaa tena. Itasikilizwa leo, saa nane mchana. Ijumaa mwenyekiti wa baraza anapokea wageni kutoka jeshini wanaokuja kukagua kaki. Mwenyekiti huyo ndiye Josiah Crabtree, mwenye kiwanda.

"Na nusu siku yako itakatwa, sikufichi," Hoyle alisema.

"Nimekusikia, Arthur Hoyle."

Wengine wote walimwita Bwana Hoyle. Tabitha, kwa miaka kumi na tisa, alimwita kwa jina lake tu, kwa kuwa Wakweka, Wakristo wajiitao Marafiki na wasioshika silaha, hawampi mtu yeyote ubwana, awe nyapara au mfalme. Hoyle alikwishazoea. Lakini leo alisogea karibu na kuinamisha kichwa.

"Huko barazani jaribu kuwabwanabwana kidogo, mama. Haigharimu kitu."

Alipoondoka, Nellie Sugden wa meza ya pili aliweka kibano chini. Mwanawe, Wilfred, alikuwa amekulia mlango mmoja na Reuben wa Tabitha, wakigombana na kupatana kila siku ya Mungu, hadi Septemba iliyopita alipouawa Ufaransa. Tangu hapo Nellie alikuwa amekonda, lakini ulimi wake haukupungua.

"Shoga, nisikilize kabla hujaenda. Mwambie akubali. Wakimpa jembe achimbe barabara za jeshi, achimbe. Wakimpa bunduki, aipokee. Mume wa Martha Pickles, yule Mkweka mwenzenu wa bonde la pili, unajua yuko wapi sasa?"

Tabitha alitikisa kichwa.

Nellie alimweleza polepole, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Mume wa Martha alikataa kuvaa sare. Wakamfunga kambini, akakataa tena. Basi wakampakia melini yeye na wenzake, wakawavusha hadi Ufaransa. Barua imefika jana. Wanamfunga mikono kwenye gurudumu la mzinga kwa muda wa saa mbili kila jioni, na ameambiwa akikataa amri mara moja tena atapigwa risasi.

"Huku ukikataa unafungwa," Nellie alisema. "Kule ukikataa ni mbele ya adui, unauawa. Ndiyo maana wanawavusha. Wangu sikupewa nafasi ya kumzuia. Wewe unayo mpaka saa nane."

Tabitha alichomeka sindano kwenye kifuko chake, akajifunga shali, akatoka.

Alimkuta Reuben kwenye shamba la mboga nje ya mji, ameinama katikati ya kabichi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kabla ya kaki alikuwa mfumaji hodari kuliko wengi katika kiwanda cha Crabtree. Siku gora la kwanza la kaki lilipopandishwa kwenye mtambo wake, aliizima mashine, akaning'iniza aproni yake msumarini na kwenda nyumbani. Tangu siku hiyo alilima kabichi za watu kwa nusu ya ujira wa zamani. Tabitha alibaki kiwandani, kwa sababu ni lazima mmoja wao alete mkate nyumbani, na mkate ulikuwa umekaribia kufika bei mara mbili ya ile ya kabla ya vita. Reuben hakuwahi kumlaumu, wala kuligusia jambo hilo. Mara nyingine Tabitha alitamani angeligusia.

Aliposikia kwamba ni leo, alinawa mikono kwenye pipa, akavaa koti. Walikula mkate na mafuta ya nyama yaliyoganda huku wakitembea. Ni maili mbili hadi mjini. Mara tatu Tabitha alifungua mdomo, na mara tatu akamwambia jambo jingine: kwamba kola yake imekunjika, kwamba viazi vimeadimika sokoni, kwamba Isaac Thwaite, kiongozi wa Marafiki wao, ameahidi kuja kukaa nao barazani.

Hata siku ya ibada maneno yalikuwa yamemkwama hivyohivyo. Marafiki hukaa saa nzima kimya, bila mchungaji wala wimbo, na anayesimama kusema ni yule tu anayesukumwa na Roho. Tabitha alisikia maneno yakimpanda kifuani. Lakini aliyajua maneno yale. Hayakuwa ya Roho, yalikuwa yake mwenyewe. Akabaki ameketi, akashika ubao wa benchi.

Mbele ya ukumbi wa mji palikuwa na watu wamesimama kivulini. Mzee mmoja mchuuzi wa samaki alimwona Reuben akapaza sauti kwa wenzake.

"Huyo anakuja na mamake amshike mkono. Kijana, umeletewa na maziwa?"

Watu walicheka. Reuben alimsalimu kwa jina, akapita.

Ndani, nyuma ya meza ndefu, walikaa wanaume watano: Crabtree katikati, mwenye duka la vyakula kushoto kwake, wakala wa nyumba kulia, na wawili ambao Tabitha hakuwajua. Pembeni alikaa luteni kijana wa kulisemea jeshi, buti zake zinang'aa. Kila mtu alipewa dakika chache. Crabtree aliomba mpishi wa rangi wa kiwanda chake aachwe, maana bila yeye hakuna kaki, na baraza lilimwacha. Kisha akaja mtunza mbwa wa kuwindia, mbwa ambao bwana mmoja mkubwa wa wilaya hufuata nao mbweha wakati wa baridi. Ilisemwa kwamba mbwa wakikosa mtu watadhoofika, na taifa litapoteza mbegu nzuri. Luteni alipiga miayo. Mtunza mbwa naye akaachwa, akatoka anatabasamu, kofia mkononi.

Reuben alipoitwa hakuvua kofia, kwa kuwa Marafiki hawamvulii mtu kofia. Karani alimwamuru mara mbili, kisha akaja akaivua yeye mwenyewe na kuiweka mezani, ukumbi ukacheka. Crabtree alimuuliza kama ni kweli aliacha kazi yake kwa sababu ya kaki. Alijibu kwamba ni kweli. Akamuuliza sasa anakula nini, na ananunua kwa fedha ya nani. Reuben alifikiri kidogo, kama wafanyavyo Marafiki, ambao hawajibu mpaka wawe na hakika ya neno.

"Nusu ni ya jasho langu. Nusu ni ya mama, na mama anarekebisha kaki yako, Josiah Crabtree. Sina jibu safi kwa hilo."

"Bwana Crabtree," karani alisema.

Wakamuuliza kama atakubali kikosi kisichobeba silaha, kile cha majembe na machela. Akasema hapana, kwa sababu jembe analoshika yeye linampa mwingine nafasi ya kushika bunduki. Wakala wa nyumba akanong'ona na mwenye duka. Tabitha aliona kwamba hawakuwa wamekasirika hata kidogo. Walikuwa wanataka chai.

Kisha wakamwita yeye, maana Isaac Thwaite alikuwa amemwandikisha kuwa shahidi wa malezi ya kijana. Karani alimsogezea Biblia ale kiapo. Tabitha alisema Marafiki hawaapi. Ndiyo yao ni ndiyo, na hapana ni hapana, siku za baraza na siku nyingine zote. Karani aliirudisha Biblia, akavuta pumzi kwa sauti ili wote wasikie.

Luteni aliinuka nusu. Aliuliza swali lake akiwa anaangalia saa ya ukutani.

"Mama, tangu vita vianze, mwanao hajawahi hata siku moja kutaka kwenda kupigana?"

Kwenye benchi la nyuma Isaac Thwaite alikuwa amefumba macho. Tabitha aliangalia mikono yake, ncha za vidole zenye rangi ya kaki isiyotoka kwa sabuni.

"Alitaka," alisema.

Luteni aliacha kuangalia saa.

Tabitha alieleza. Septemba iliyopita, siku habari za Wilfred Sugden zilipofika, Reuben alitoka nyumbani bila kofia. Aliporudi alikuwa amelowa mvua mpaka kwenye ngozi. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya kujiandikisha, palepale chini ya ukumbi huu, saa mbili nzima. Alifika mezani. Sajenti alimpa kalamu, akaishika, kisha akairudisha na kutoka. Alikuja kumwambia mamake yote akiwa analia, na jambo hilo halijasemwa tena nyumbani.

"Aliishika kalamu," luteni alisema.

"Aliishika."

Basi luteni akaligeukia baraza. Dhamiri inayosafiri hadi mezani kwa sajenti na kushika kalamu, alisema, inahitaji kusukumwa kidogo tu. Haina haja ya jembe. Wale watano waliinamiana kwa muda ambao mtu angeweza kufunga kamba za viatu. Reuben Horsfall aripoti kambini baada ya siku tatu, kikosi cha kawaida cha askari wa miguu. Asiporipoti, polisi watamfuata. Karani akamrudishia kofia na kuita jina linalofuata.

Nje, Isaac Thwaite aliwashika mikono wote wawili, akaishika ya Tabitha muda mrefu zaidi. Alisema kuna Marafiki waliozeeka katika imani ambao wangeshindwa kusema alichosema. Machozi yalimlenga. Kisha akaenda zake kuandika barua kwa Marafiki wa London, ingawa hakusema barua itafanya nini.

Mama na mwana walishuka kilima. Mbele ya duka la mkate foleni ilikuwa imefika hadi kwenye kona, nao wakaunga mkiani, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na kitu. Mwanamke aliye mbele yao aligeuka, akamtambua Reuben, akasogea hatua moja mbali.

"Usijilaumu, mama," Reuben alisema. "Umeulizwa, umejibu. Kama ungeficha, ningeona aibu zaidi."

Foleni ilisogea.

"Nitawaambia kambini niliyowaambia hawa. Sitavaa sare. Watakalofanya ni lao."

"Usinisifu, Reuben."

"Sikusifu. Nasema ulisema kweli."

"Kulikuwa na kweli nyingine." Sauti yake ilikuwa ndogo, na yule mwanamke wa mbele alikuwa ameacha kuongea na mwenzake. "Aliuliza kama ulitaka. Ningemwambia sijui yaliyo moyoni mwa mtu, najua tu kwamba kalamu uliirudisha. Nayo ingekuwa kweli, na Isaac angefurahi. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni. Nililimeza."

Reuben alimtazama.

"Kwa nini?"

"Nilitaka usikie mbele za watu kwamba wewe pia uliwahi kufika pale. Nilidhani utalegea. Nilidhani watakupa jembe, na wewe utalipokea kwa aibu, na utaishi." Alivuta shali kifuani. "Wamekupa bunduki. Sikujua watakupa bunduki."

"Siwezi kuishika, mama. Unajua siwezi."

Mwuza mkate alitokeza mlangoni, akahesabu vichwa kwa kidole na kuwaambia walio nyuma kwamba mkate hautawafikia. Watu wakaanza kutawanyika wakinung'unika. Tabitha hakuondoka. Alisimama pale kwenye mawe ya njia, amemshika mwanawe mkono wa koti kwa vidole vyote, na safari hii hakungoja kusukumwa na yeyote.

"Ishike," alisema. "Nataka urudi nyumbani, Reuben. Hata ukirudi umeua."